Treni Inaondokea Kushoto

Jumamosi, 3 Februari 2024

Siku ya kutupa maharage kufukuza shetani. Nimefika Omiya kwa wazazi saa nne, nikakaribishwa mlangoni kwa konzi ya maharage ya kukaanga usoni. Shetani nje! Mama huyo. Nina miaka arobaini na saba na leo nimepandishwa cheo, nimekuwa shetani wa nyumba. Miaka yote kazi hiyo ni ya Baba, na kinyago chake cha karatasi. Mwaka huu hawezi kukimbizwa. Akigeuka ghafla, nyumba nzima inamzunguka.

Tarehe imetoka. Anaingia hospitali Jumatatu ya tarehe 26, anapasuliwa Jumatano. Uvimbe uko kwenye mshipa wa usikivu, sikio la kushoto. Si kansa. Ila daktari amesema wazi: uvimbe ukitoka, usikivu wa upande huo unatoka nao. Haurudi. Ukubwa wake punje moja ya maharage ya soya, ndivyo alivyosema. Labda ndiyo maana Mama ametupa maharage kwa nguvu hivyo. Nayaokota mpaka sasa kwenye kola.

Mwaka Mpya nilijiapiza kuandika jambo moja la kushukuru kila siku. Nikaishia tarehe tisa Januari. Naanza upya — si kansa. Hilo linatosha hata kwa wiki nzima.

Wakati wa chai nikamwuliza Baba kuna kitu gani anataka kusikia kabla ya tarehe 28, maadam masikio bado mawili. Nilidhani atataja muziki. Akamega kipande cha figili ya kuchacha, akakitafuna mpaka kikaisha.

"Treni," akasema. "Ile inaondokea kushoto."

Jumatatu, 5 Februari

Theluji! Tokyo yote imesimama. Maabara ya meno imetuachia saa nane tuwahi nyumbani. Taya la juu la mgonjwa wa Urawa limebaki kwenye nta. Meno bandia yanaweza kungoja, mwenyewe kasema anakula uji tu.

Nimempigia Mama, akaanza mwenyewe habari za treni. Theluji humkumbusha.

Niiandike vizuri, maana nimeisikia vipande vipande tangu utoto. Ujana wa Baba, wanaume walishikwa na wazimu wa kunasa sauti. Unabeba kinasa cha kaseti begani, kilo tano na ushee, na maikrofoni mbili, unakwenda kunasa vyura, kengele za hekalu, mawimbi. Kubwa kuliko yote ni treni za makaa, kwa sababu zilikuwa zinakwisha. Baba alikuwa mpanga barua wa posta na mwanachama wa kikundi cha watu tisa. Mwiko wa kikundi ni mmoja: mkanda ukizunguka, hakuna anayepumua. Hata sauti ikishatoweka unahesabu thelathini moyoni, mkono wa kiongozi uko juu, ukishuka ndipo mtu anaruhusiwa kukohoa.

Februari 1974 walifunga ndoa. Fungate yao — Hokkaido, kwenye theluji ya magoti, saa moja asubuhi, kusubiri treni ya makaa! Mama alidhani anapelekwa kwenye maji ya moto ya kuoga. Treni ikapita, kulia kwenda kushoto, ikapiga honi mbali, ikapotea. Kisha, ndani ya zile thelathini, kuna kisauti. Tk. Kidogo tu.

Baba alipeleka mkanda kwenye mashindano ya jarida moja. Jaji akaandika: nzuri sana, pole kwa kelele ya mwisho. Kikundi kikauliza, nani? Baba akasema ni mke wangu, mfuniko wa chupa ya chai. Kuanzia hapo wale wanaume wanane wakamwita Mama "Bi Mfuniko". Kadi za Mwaka Mpya zilikuja hivyo, nazikumbuka!

"Na mimi sikuigusa chupa," Mama anasema. "Mikono yangu miwili ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Nilisahau glavu garini."

Kwa nini hukumwambia? Alimwambia. Miaka hamsini anamwambia. Baba hujibu kwamba hakumbuki mfuko wowote.

Na Mama hajawahi kuusikia mkanda wenyewe. Hata mara moja. Baba hakumpa, na yeye hakuomba. Nisikilize kosa langu la nini, anasema, na anacheka. Kicheko hicho nakijua, ni kile anachomchekea muuza bima.

Jumanne, 6 Februari

Mkanda upo. Niliuhamishia kwenye kompyuta Januari, kwa deki ya kaseti ya kuazima. Nilisikiliza kwa kispika kibovu ili kuhakikisha tu. Honi nilisikia. Tk nilisikia, kama kucha kwenye kikombe. Mfuniko? Inawezekana. Mwanasheria wa Mama mimi nimekosa ushahidi.

Leo nimejaribu hedifoni za Baba alizoniazima, zile za mwaka 73, nzito kama kofia ya pikipiki. Nimezichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta — treni iko bafuni kwa jirani. Hazisukumiki, kompyuta haina nguvu hiyo. Nimesoma wakati wa chakula. Kompyuta inatunza sauti kwa tarakimu, na sikio halili tarakimu, kwa hiyo ndani yake kuna kigeuzi cha kuzirudisha ziwe sauti, ila ni kidogo na cha bei ya chini. Wenye mapenzi na muziki wananunua kigeuzi cha nje, unakichomeka kwa waya wa USB, nacho kina nguvu ya kusukuma hedifoni.

Rahisi basi. Nanunua kigeuzi. Siku ishirini zipo.

Ijumaa, 9 Februari

Si rahisi. Vipo mia nne!

Nimesoma mabishano ya wanaume wasiolala. Mmoja anasema chake kina sauti "yenye unyevu". Mwingine anamwambia akapimwe akili. Kuna jedwali la vipimo, vigeuzi vimepangwa kutoka safi hadi mchafu. Hapo nikatulia. Mimi ni mtu wa vipimo, jino likizidi kwa unene wa unywele mgonjwa hatafuni. Nikaagiza cha kwanza kwenye jedwali kinacholingana na mfuko wangu. Dakika mbili. Nikajisifu mpaka kituo cha treni.

Jumatatu, 12 Februari

Sikukuu. Kigeuzi kimefika, ni kidogo kama pakiti ya bazoka ya kutafuna. Nimekimbia nacho Omiya.

Baba akavaa hedifoni, akakaa wima kama anapigwa picha. Nikamwekea vyura wa mwaka 75, treni amekataa kwanza. Akasikiliza. Uso umetulia, adabu tupu.

"Safi sana," akasema. "Vyura wameoga."

"Lakini?"

"Lakini wako wilaya nyingine, mwanangu. Na wa kushoto hawakuja kabisa."

Nimesukuma sauti mpaka mwisho. Hakuna kitu. Kipimo cha usafi ni cha kwanza duniani, nguvu ni ya mbu. Jedwali halikunidanganya, ni mimi sikusoma safu ya pili. Mimi! Ninayewafokea vijana wa maabara kwa kutosoma fomu mpaka chini! Nikaisaga hasira kwenye vyombo, nikavunja kibakuli cha Mama. Akasema ahsante, alikuwa anakichukia tangu alipopewa. Nampenda huyu mwanamke.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeshuka Akihabara baada ya kazi. Duka la hedifoni, ghorofa ya tano. Sijawahi kuingia mahali penye watu wengi na kimya namna ile. Watu kama ishirini kwenye vigoda, kila mmoja na hedifoni zake alizotoka nazo nyumbani, macho yamefumbwa, hakuna anayemsemesha. Mwanafunzi wa shule kwenye kigeuzi cha bei ya gari. Hakuna wa kumwambia ununue au utoke. Unafuta kwa kitambaa cha dawa ukimaliza, unainamisha kichwa, unaondoka. Nikajiona nimeingia hekaluni na viatu.

Muuzaji anaitwa Kuramochi, mrefu, ana mvi upande mmoja tu. Nikamwambia nataka kizuri kuliko vyote. Hakunionyesha chochote. Akauliza, hedifoni gani, na masikio ya nani?

Nikaanza kueleza kwa kifupi. Nikajikuta nimeeleza yote: punje ya maharage, theluji, tk, Bi Mfuniko. Mbele ya rafu ya nyaya! Mtu mzima, machozi yamesimama. Yeye akangoja. Mwisho akasema, mlete mwenyewe, Jumapili asubuhi hakuna foleni, nitamwekea kigoda cha kona asisumbuliwe na watu wanaopita.

Hakuniuzia kitu. Shukrani ya leo, muuzaji ambaye hakuniuzia kitu.

Jumapili, 18 Februari

Siku ndefu, nzuri. Niandike kabla haijaniponyoka.

Baba amevaa tai. Kwenda dukani! Kwenye treni alishika mkono wangu, alidai ananisaidia mimi. Hedifoni zake ndani ya kitambaa cha hariri kama mtungi wa urithi. Kuramochi alipoziona alirudi hatua moja nyuma.

"Mzee, hizi niliziona kwenye picha tu."

"Usiziangalie sana, zitaona haya. Sponji nimebadilisha na za makochi."

Wakawa marafiki hapo hapo. Kuramochi akaweka vigeuzi vitatu, akavifunika kwa kitambaa: moja, mbili, tatu. Sauti amezisawazisha kwa kipimo, eti kinachopiga kwa nguvu zaidi humdanganya kila mtu. Akauliza tuanze na wimbo gani. Nikasema, Baba, treni. Akatikisa kichwa. Hapana. Vyura.

"Baba, tumekuja kwa ajili ya treni."

"Siyo mbele za watu."

Pale si mahali pa kubishana. Nilijua anachoficha: hataki mgeni asikie aibu ya mkewe. Miaka hamsini bado anaona aibu kwa mfuniko!

Vyura basi. Baba akasikiliza moja, mbili, tatu, kisha akarudia. Mimi pia. Nikatafuta unyevu, nikatafuta nini, sikuona tofauti. Nikaona haya kusema. Baba hakuona haya.

"Bwana Kuramochi, ama mimi nimezeeka ama hivi vitatu ni mtu mmoja kabadilisha kofia."

Kuramochi akacheka, akafunua. Namba tatu ni cha bei ya fungate yangu, kama ningefunga ndoa. Namba moja kimetumika, kina mkwaruzo ubavuni. Akasema kwa sauti ya chini, meneja asisikie, kwamba kwa hedifoni hizi na mikanda hii, nguvu ikishatosha na mngurumo usipokuwepo, yeye mwenyewe akifumba macho hachagui. Nikataka kumkumbatia. Hapa hatukumbatiani, nikainama mpaka mgongo ukalia.

Kisha akaniuliza kama sikio la kushoto limeshuka sana. Nikamwambia Baba hulifananisha na redio iliyofunikwa taulo. Akavuta kompyuta yangu, akafungua kidirisha chenye vitelezi viwili, kushoto na kulia. Akapandisha cha kushoto. Polepole. Nukta moja, nukta nyingine, anamtazama Baba usoni na si kwenye kioo cha kompyuta.

Baba akainua kidole.

Akabaki hivyo, kidole juu, mdomo umefunguka kidogo. Nikamwuliza kuna nini. Hakujibu mpaka wimbo wa vyura ukaisha, akahesabu thelathini zake, akashusha mkono.

"Wamerudi wa kushoto," akasema. "Tangu kiangazi sijawaona."

Kuramochi akaenda kupanga rafu iliyokwisha kupangwa. Mimi nikatazama nyaya tena.

Ilipofika kuchagua, nikaelekeza namba mbili, cha katikati, kipya, kina dhamana ndefu. Baba akakizungusha, akakichungulia mbele, akakirudisha. Akachukua kile chenye mkwaruzo.

"Hiki."

"Kimetumika, Baba."

"Na mimi pia. Kina matundu mawili. Tazama, kubwa na dogo, na yote yanatoa sauti kwa pamoja. Nimemwuliza."

"Mawili ya nini?"

Akafunga hedifoni zake kwenye hariri. Polepole, pembe nne, fundo.

"Mama naye asikie," akasema. "Anazo zile ndogo za kusikilizia mazoezi ya viungo redioni."

Miaka hamsini hakumpa! Sikumwuliza kwa nini leo. Niliogopa atabadili nia. Tukala tambi za soba tumesimama kituoni, akanipa kipande chake cha kamba wa kukaanga. Nashukuru kwa vyura, kwa Kuramochi, kwa mkwaruzo.

Jumatano, 21 Februari

Mvua. Kigeuzi kiko juu ya kabati la chai. Mama anakifuta vumbi kama picha ya marehemu, ingawa kina siku tatu tu ndani ya nyumba. Baba amesikiliza kengele, mawimbi, kiwanda cha tofu. Treni hapana. Kila nikipiga simu, bado.

Mama naye kagoma. Eti yuko bize na mabegi ya hospitali. Begi moja! Pajama mbili na mswaki.

Nimehesabu: kuna asubuhi nne.

Jumamosi, 24 Februari

Nimegombana na Baba. Sijamfokea hivyo tangu sekondari.

Mplamu wa jirani umechanua, mweupe, unaonekana kutoka mezani. Tulikuwa tunakunywa chai. Mama kaenda dukani. Nikasema, Baba, baada ya Jumatano treni hii itafika lakini haitaondoka. Itakuja kutoka kulia, itafika katikati, basi. Unangoja nini? Akanywa chai. Nikasema, unamwonea haya Mama, ndiyo maana. Kwa mfuniko wa chupa! Umemwacha abebe hilo jina mbele ya wenzako tangu sijazaliwa, na yeye anacheka ili wewe usijisikie vibaya, na hata hukuwahi kumpa asikie anachoshtakiwa nacho!

Sikio lake zima lilikuwa upande wangu, nilikuwa nimekaa kulia. Alisikia kila neno.

Akatazama mplamu. Nilidhani ataniambia nitoke. Mikono yake ilikuwa inazungusha kikombe, na nikaona imekonda sana, na nikatamani kurudisha maneno yote.

"Wale wanane," akasema, "wamebaki wawili. Na mmoja hanikumbuki."

Sikuelewa inahusu nini. Nikamwomba radhi. Akasema hapana, hapana, umesema vizuri, hata sauti ilikuwa safi. Akacheka kidogo. Kisha akasema Jumatatu asubuhi. Kabla ya teksi. Wote watatu.

Sina la kuandika kwenye shukrani zaidi ya kwamba hakunitoa.

Jumatatu, 26 Februari

Omiya, saa tatu na dakika kumi. Naandika kwenye magoti, kwenye ngazi ya mlangoni, viatu vyangu vimeshavaliwa. Sitaki kusubiri jioni, nitasahau mpangilio.

Teksi ni saa tatu na nusu. Begi liko hapa. Baba amevaa koti zito, kaketi kizingitini mwa sebule na Mama kando yake, kigeuzi sakafuni, kompyuta juu ya kiti. Plagi kubwa tundu kubwa. Plagi ya Mama tundu dogo. Taa ndogo ikawaka kijani. Mimi sina hedifoni, matundu yamekwisha. Nilipandisha kitelezi cha kushoto pale pale alipopaweka Kuramochi, alama niliitia kwenye kioo kwa penseli ya maabara. Nikabonyeza.

Sikusikia chochote. Niliwatazama tu.

Treni ilianza, nilijua kwa sababu mabega ya Baba yalipanda. Mama alikuwa ameketi kama mtu wa kwenye mahakama, magoti pamoja, midomo imekazwa. Kisha macho yake yakaanza kusafiri. Kulia. Katikati. Nikaona treni inapita usoni mwa mama yangu! Baba hakumtazama. Yeye aliinamisha kichwa kushoto, chini, chini zaidi, anaifuata. Honi — nadhani ilikuwa honi, wote wawili walifumba macho. Halafu Baba akainua kidole. Thelathini.

Hesabu ikafika kama ishirini. Mama akafumbua macho.

Akavua upande mmoja wa hedifoni. Akamwangalia Baba muda mrefu.

"Huo si mfuniko," akasema.

Baba, kidole juu.

"Baba Shizuho. Hiyo ni pua yako. Hamsini nalala kando ya hiyo pua, utanifundisha wewe?"

Kidole kikashuka.

"Ilikuwa baridi," Baba akasema.

"Baridi mtu hupiga chafya. Hiyo umeivuta. Hiyo ni ya mtu anayelia na hataki ajulikane." Kisha, kwa sauti nyingine: "Ulikuwa unajua?"

"Tangu usiku ule ule. Nilipousikiliza hotelini, wewe umelala." Alizungumza akiitazama taa ya kijani. "Kiongozi angenicheka mpaka kaburini. Ningewaambiaje?"

Nikangoja Mama amrushie begi, amrushie maharage, amwite jina lolote analotaka, anamdai majina. Badala yake akaanza kucheka. Si kile cha muuza bima. Kingine, sijui kama nimewahi kukisikia.

"Bwana Pua," akasema. "Miaka hamsini, Bwana Pua."

"Nisamehe, Tokie."

Kwa jina lake! Sijapata kumsikia akilitaja jina la Mama.

Simu yangu ikatetemeka, dereva yuko nje, amewahi. Nikasema dakika tano tafadhali. Akasema hata kumi, mama, hakuna shida. Mbarikiwe madereva wote wa mkoa wa Saitama.

"Sasa niambie," Mama akasema. "Ulikuwa unalilia treni, au unalilia nini?"

Baba akaniashiria kwa kidevu. Rudisha nyuma. Mama akavaa upande aliouvua. Nikabonyeza.

Wako hapo sasa, hatua tatu kutoka kwangu. Hajamjibu. Treni inakuja kutoka kulia, naiona mabegani. Mama kanyoosha mkono, kautia mfukoni mwa koti la Baba, wa pili nao kausukumiza humo humo, hautoshi, na Baba kajisogeza ili utoshe. Kichwa cha Baba kinaanza kuinama kushoto. Simu inatetemeka tena. Siishiki. Kidole chake kiko juu.